Mhadhiri ananiita ofisini jioni na kozi weki yangu haionekani: sera ya chuo inanisaidia nini?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Tangu semista iliyopita mhadhiri wa somo moja ananitumia meseji usiku. Hajanigusa. Kozi weki yangu (alama za majaribio na kazi za semista) haionekani kwenye mfumo, na kila nikiuliza ananiambia nipite ofisini kwake saa kumi na mbili jioni tuongee. Safari hii kasema nije Alhamisi. Rafiki yangu kanitumia sera ya chuo ya kupinga ukatili wa kijinsia, kurasa zaidi ya 40 za Kiingereza cha kisheria, nikasoma nusu nikaacha. Je, huu ni ukatili wa kijinsia au ni usumbufu tu? Nikiripoti atajua ni mimi? Na naweza kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kwa ajili ya jambo hili?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na Alhamisi kwa sababu ndiyo iliyo karibu: usiende. Mjibu leo kwa meseji fupi yenye adabu, isiyo na lawama hata moja: "Mwalimu, kuhusu alama zangu za kozi weki, naomba nije saa za kazi. Nitakuja na CR." Basi. Akikubali, nenda na CR wako (mwakilishi wa darasa lenu), mlango ukae wazi, uliza alama, ondoka. Akijibu kwamba uje peke yako, au kwamba mambo yenu si ya kuletea watu, atakuwa ameandika mwenyewe kitu ambacho kamati itataka kukiona. Usibishane naye kwa simu, wala usimtishie kwamba utamripoti. Mtu aliyetishiwa hufuta meseji na kuanza kujipanga.

Umeandika "hajanigusa" kana kwamba hapo ndipo ukatili unapoanzia. Wanafunzi wengi niliowasikiliza, wasichana kwa wavulana, huanza na neno hilohilo, na ndilo linalowakalisha kimya semista nzima. Sera za vyuo hazianzi kwenye kugusa. Zinauliza mambo mawili: je, mwenendo huo una sura ya kimapenzi au kingono na wewe hukuutaka, na je, anayeufanya ana madaraka juu yako? Meseji ya "umelala?" saa tano usiku kutoka kwa mwanafunzi mwenzako ni kero, na ukimwambia aache akaacha, yameisha. Meseji hiyohiyo kutoka kwa anayeshika kalamu nyekundu ya mtihani wako ina uzito mwingine kabisa, hasa ikifuatiwa na "mbona leo umeninunia darasani" na "nimeiona karatasi yako, inatia huruma, njoo tuone tunaisaidiaje". Hakuna tusi hapo. Hakuna ombi lililotamkwa. Lakini ukizipanga meseji hizo kwa tarehe, na pembeni ukaweka alama zisizoonekana na miadi ya jioni, kila mjumbe wa kamati anayejua kazi yake anaona zinaelekea wapi.

Sheria za nchi nazo zinaliona hivyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kinachohusu bugudha ya kijinsia. Kifungu hicho kinamtaja waziwazi mtu mwenye mamlaka anayemtongoza asiyetaka, kwa maneno au vitendo, kazini au mahali pengine popote. Halafu ipo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, kinachohusu rushwa ya ngono: mwenye madaraka anayedai au kulazimisha ngono, au upendeleo mwingine wowote, kuwa sharti la kumpa mtu ajira, cheo, haki au nafasi fulani. Sheria ilipotungwa iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wengi wetu tuliona adhabu hiyo ni ndogo mno. La msingi kwako ni neno kudai. Kosa linakamilika mtu anapodai, hata kama hakupata alichokitaka.

Kwa ulichonieleza, bugudha ya kijinsia ipo tayari. Rushwa ya ngono inanukia, lakini bado hajatamka sharti. Tofauti hiyo ina maana kivitendo. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana uwezo wa kuchunguza na hata kuandaa mtego madai yakiwa bado yanaendelea. Akishapata alichotaka, au akishastuka, kazi yao inakuwa ngumu mara kumi. Siku atakayotamka sharti, usimjibu ndiyo wala hapana. Piga 113, ni namba ya bure, au nenda ofisi yao ya wilaya siku hiyohiyo. Wala usijaribu kuandaa mtego wako na marafiki hosteli. Nimeona mashauri mazuri yakiharibika kwa sababu wanafunzi walimvizia mhadhiri, wakampiga picha, wakazisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, na mwisho wao ndio wakajikuta wanatoa maelezo polisi.

Hizi sera hazikuletwa na wafadhili tu, kama unavyosikia watu wakisema vijiweni. Februari 1990 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Levina Mukasa, alikatisha uhai wake baada ya kuandamwa na kundi la wanafunzi wa kiume. Wakati huo pale Mlimani kulikuwa na maandishi na michoro ya ukutani iliyoitwa Punch, ambayo wanafunzi wa kike waliijua kwa hofu, maana jina lako likishabandikwa pale, chuo kizima kilikuwa na ruhusa ya kukudhalilisha. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na wanawake wengine walilipigia kelele jambo hilo, na mjadala wa usalama wa wanafunzi wa kike vyuoni haukuzimika tena. Novemba 2018 Dk. Vicensia Shule, mhadhiri wa chuo hichohicho, aliandika hadharani kwenye Twitter kuhusu rushwa ya ngono chuoni. Mwaka 2020 TAKUKURU ikatoa utafiti wake kuhusu rushwa hiyo katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, na mwaka 2021 serikali ikazindua mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika taasisi za elimu ya juu na ya kati. Kwa hiyo ukiishika hiyo sera, ujue kuna watu walilipa ili iandikwe. Usiione aibu kuitumia.

Namna ya kuisoma sasa. Wewe uliishia katikati kwa sababu uliianza ukurasa wa kwanza, na kurasa za mwanzo ni mikataba ya kimataifa, dira, dhamira na malengo. Ziruke. Nenda kwanza kwenye sehemu inayosema sera inamhusu nani na mahali gani. Sera nzuri inamhusu mhadhiri, mfanyakazi, mwanafunzi, mlinzi, mama wa kantini, mkandarasi anayejenga bweni. Na haiishii getini. Inakufuata field, kwenye basi la safari ya mafunzo, kwenye geto ulilopanga nje ya chuo na kwenye simu. Kama sera yenu inasema "ndani ya eneo la chuo" peke yake, hiyo ni kasoro, lakini kwako haina neno, kwa sababu ofisi yake na mfumo wa matokeo viko ndani.

Kisha tafuta nani anapokea malalamiko. Kwa kawaida utaona dawati la jinsia, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, Mkuu wa Idara au Amidi (mkuu wa kitivo), na sera nyingi zinakuachia uchague. Chagua dawati. Mkuu wa Idara anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini anafundisha na huyo bwana, wanasahihishiana mitihani, pengine wamesoma pamoja. Tena usichanganye anayepokea na anayeamua. Dawati linakusikiliza, linakuandikia, linakupeleka kwa mshauri nasaha na kulipeleka shauri mbele. Kuamua ni kazi ya kamati ya uchunguzi na baadaye mamlaka ya nidhamu ya watumishi. Nimeona wanafunzi wakimchukia afisa wa dawati kwa sababu mhadhiri hajafukuzwa, wakati afisa yule hana uwezo wa kumfukuza mtu.

Sehemu ya tatu ndiyo naomba uisome mara mbili, na ndiyo watu wanairuka: hatua za muda za kumlinda mlalamikaji wakati shauri linaendelea. Hapo ndipo utakuta kwamba chuo kinaweza kumkabidhi mhadhiri mwingine usahihishaji wako, kukuhamishia kundi jingine la semina, kumkataza mtuhumiwa kuwasiliana nawe, kukubadilishia bweni, kukupa msimamizi mwingine wa utafiti. Hatua hizi hazisubiri apatikane na hatia. Mtu wa kwanza kukwambia "tusubiri uchunguzi uishe" kuhusu alama zako hajaisoma sera yake. Uchunguzi unaweza kuchukua miezi, na kikao cha kupitisha matokeo hakimsubiri mtu. Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi: kabla hujaomba aadhibiwe, omba alama zako zilindwe.

Hapo nakuja kwenye hofu yako ya kudisko. Andika barua mbili, na usizichanganye hata kidogo.

Ya kwanza ni ya kitaaluma. Inakwenda kwa Mkuu wa Idara, nakala kwa Amidi, na ndani yake hakuna neno lolote kuhusu meseji. Inasema: mimi fulani, namba ya usajili hii, nilifanya jaribio la kwanza tarehe hii na la pili tarehe hii, kazi ya kundi niliikabidhi tarehe hii, mahudhurio yangu haya hapa, alama hazionekani kwenye mfumo, naomba zihakikiwe na niwekewe. Ambatanisha kila ulichonacho: karatasi ya jaribio iliyorudishwa, barua pepe ya kukabidhi kazi, picha ya skrini ya mfumo yenye tarehe. Ipeleke mkononi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua hii haimtuhumu mtu, kwa hiyo hakuna wa kuikasirikia, na bado inafunga ule mlango ambao angeutumia kukuangushia sapu (mtihani wa marudio) kimyakimya. Wakati huohuo soma kanuni za mitihani za chuo chenu kuhusu rufaa ya matokeo, kwa sababu muda wa kukata rufaa huwa ni mfupi na unahesabiwa tangu matokeo yanapotangazwa.

Barua ya pili ndiyo malalamiko yenyewe, na hiyo inakwenda dawatini. Iandike kwa mpangilio wa tarehe: lini, wapi, alisema nini kwa maneno yake, ulijibu nini, nani alikuwepo au nani ulimsimulia siku hiyo. Usipambe. Usiandike "ananitaka kimapenzi". Andika alichokiandika yeye, wasomaji watajijazia. Na mwishoni usiishie kwenye "naomba nisaidiwe". Taja hatua za muda unazozitaka: kazi zangu zisahihishwe na mwingine, mtihani wa mwisho vilevile, asinitafute kwa simu wala kwa kumtumia mtu.

Je, atajua ni wewe? Nitakwambia ukweli hata kama hautakupendeza. Sera inakuahidi siri, na siri si sawa na kutojulikana. Siri maana yake ni kwamba jina lako wanalijua wanaolazimika kulijua tu, na anayelitoa nje anaadhibiwa. Lakini mtuhumiwa ana haki ya asili ya kusikilizwa, na hawezi kujitetea dhidi ya meseji bila kujua ni za nani. Kwa hiyo shauri likifika kwenye kamati, atajua. Unaweza kutoa taarifa bila jina, kwenye sanduku la maoni au kwa mtandao, na taarifa hizo zina faida yake: zikifika tatu au nne juu ya mtu mmoja, chuo kinapata sababu ya kuanza kuuliza. Ila taarifa isiyo na jina haitakurudishia alama. Kinachokulinda wewe ni kifungu cha kulipiza kisasi. Kitafute. Sera inayostahili jina hilo inasema kulipiza kisasi ni kosa linalojitegemea, hata kama tuhuma ya mwanzo haikuthibitika, na hata kama anayelipiza ni rafiki wa mtuhumiwa. Ukiitwa "mchonganishi" na mhadhiri mwingine mbele ya darasa wiki mbili baada ya kuripoti, hilo nalo liandike tarehe na ulipeleke.

Utakuta pia kifungu cha malalamiko ya uongo, na najua kitakutisha, kwani huwa kinatajwa kwa sauti kubwa siku ya kukaribisha mwaka wa kwanza. Kinamhusu anayetunga jambo huku akijua si kweli. Kushindwa kuthibitisha si uongo. Ukisema ulichokiona na kamati ikaona ushahidi haujatosha, huna kosa.

Jambo moja ninalolichukia kuliko yote katika kazi hii ni suluhu ya chini kwa chini. Mkuu wa Idara anawaita wote wawili, anafunga mlango, anasema hawa ni watoto wetu, mwalimu omba radhi, na wewe binti msamehe mwalimu wako, yaishe. Unatoka pale huna alama, huna kumbukumbu ya maandishi, na yeye ameshajua una ushahidi gani. Ukiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, sema kwa heshima kwamba shauri liko dawatini na ungependa liendelee huko. Huna wajibu wa kukaa meza moja na mtuhumiwa. Na kama kuna harufu ya rushwa ya ngono, hilo ni kosa la jinai, na Mkuu wa Idara hana mamlaka ya kulisamehe kwa niaba ya Jamhuri.

Mashauri ya chuo na ya dola yanaweza kwenda sambamba, na vipimo vyake havifanani. Mahakama inataka kosa lithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi. Kamati ya chuo inapima lipi lina uwezekano zaidi kuwa ndilo lililotokea. Ndiyo sababu mtu anaweza kuachiwa mahakamani na bado akapoteza kazi kihalali, na chuo kikikwambia "kwa kuwa TAKUKURU hawajampeleka mahakamani, sisi hatuwezi kufanya kitu", kinakwepa wajibu wake. Usichelewe tu, maana kosa la bugudha lina ukomo wa muda wa kulilalamikia, na kumbukumbu za watu nazo huchakaa.

Kuhusu ushahidi, usifute chochote, hata majibu yako ambayo unayaonea haya. Najua ulimjibu "asante mwalimu" na labda ukaweka kiemoji cha kucheka. Kila mtu humchekea mwenye alama zake. Kamati zinalielewa hilo kuliko unavyodhani. Picha za skrini ni nzuri, lakini zionyeshe namba yake na tarehe, siyo jina tu ulilolihifadhi, na mazungumzo kamili uyahamishe pia kwenye barua pepe yako. Simu yenyewe itunze, usiiuze wala kuibadilisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama huuliza umetunzwaje na kama umechezewa. Mtu uliyemsimulia usiku ule meseji ilipoingia naye ni shahidi. Mwambie aandike anachokumbuka sasa hivi, kwa maneno yake mwenyewe, msikae kupangiana.

Kuna sehemu moja ya sera naomba uijue hata kama leo haikuhusu, kwa ajili yako na wenzako wa chumba. Mtu akibakwa au akishambuliwa, na mhadhiri, na boyfriend wake, na yeyote, jambo la kwanza ni hospitali, kabla ya dawati na kabla ya kamati. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinanywewa siku 28. Dawa za kuzuia mimba nazo zina muda wake. Asioge, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni. Kama kuna kituo cha Mkono kwa Mkono karibu, huduma ya daktari, polisi na ushauri zinapatikana hapohapo. Kama hakuna, PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatolewa kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Asikubali kuambiwa arudi Jumatatu.

Barua zako zikishapokelewa, hesabu siku. Sera nyingi zinataja muda wa chuo kujibu. Muda ukipita bila neno, andika barua ya kukumbushia kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, na nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri. Nako wakinyamaza, juu yao kuna Makamu Mkuu wa Chuo na Baraza la Chuo. Nje ya chuo kuna TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake kama TAWLA na WLAC yanaweza kukusindikiza bila kukutoza ada. Barua ya kwanza, ile ya alama, ipeleke kesho asubuhi.